Mahafali ya kidato cha sita Kibaha: kijana mmoja hakuwepo

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Aprili na mtihani wa taifa wa kidato cha sita ukiwa umebakiza wiki chache, kamati ya msikiti wetu hapa Kibaha huwaita vijana wa Kiislamu wanaohitimu katika shule za Kibaha na Kisarawe. Huwasomea dua, hula nao chakula cha mchana, kisha huwaachia kipaza sauti wazungumze wenyewe. Si shughuli kubwa. Hakuna joho wala picha za kulipia. Akina mama huamka usiku kutayarisha pilau, wazee hukaa mbele, na sisi tuliokabidhiwa daftari la kumbukumbu hukaa pembeni tukiandika.

Mwaka huu waliojiandikisha walikuwa 114, wavulana na mabinti. Waliotoka Kisarawe ndio waliotaabika zaidi. Ingawa miji hii miwili imo katika mkoa mmoja wa Pwani, msafiri wa kawaida hulazimika kuingia Dar es Salaam kwanza. Huteremka kutoka vilima vya Kisarawe, hupita kando ya msitu wa Pugu hadi Gongo la Mboto, huvuka jiji mpaka Mbezi, kisha hushika barabara ya Morogoro kurudi mkoani kwake. Vijana wale walikodi basi dogo, wakaswali alfajiri njiani, wakafika wamechoka lakini wakiimba kasida.

Baada ya kisomo tuliwauliza swali moja tu: katika miaka hii miwili, mnaondoka na nini? Tulidhani watataja masomo. Hakuna aliyetaja masomo.

Binti mmoja wa mchepuo wa sayansi alieleza habari ya maji. Kwa muda wa muhula mzima pampu ya shule yao ilikuwa mbovu, nao wakawa wanashuka bondeni na madumu kabla ya jua kuchomoza. Alisema kwamba rafiki zake wote wa leo aliwapata katika njia ile ya bondeni, kwa sababu mtu aliyekupokea dumu ukiwa umechoka humwachi tena. Mwingine alisimulia usiku wake wa kwanza bwenini, alivyolala juu ya sanduku lake la bati akihofia kuibiwa, akaamka shingo imepinda, na mwenzake wa kitanda cha juu akamcheka wiki nzima. Mwenzake huyo alikuwepo ukumbini, na alicheka tena.

Habari za Ramadhani ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko zote, nasi hatukuwakatiza. Ramadhani zote mbili ziliwakuta shuleni. Katika shule moja daku ilikuwa ugali wa jioni uliohifadhiwa katika ndoo yenye mfuniko, na maharage yaliyopoa. Katika shule nyingine mpishi wa jikoni, mama mmoja Mkristo, alikuwa akichelewa kwenda nyumbani kwake kila siku ili awaachie uji wa moto kwenye chupa kubwa za chai, wala hakuna aliyemwagiza. Siku ya Idi vijana walimchangia kitenge. Tuliposikia hivyo, mwenyekiti wetu alituamuru tuandike katika kumbukumbu kwamba kamati itampelekea salamu zake, na tumekwisha kuzipeleka.

Alizungumza pia mzee mmoja wa jamaa yetu aliyesoma Kibaha Sekondari mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana wengi hupita mbele ya majengo yale bila kujua asili yake. Shule hiyo ilianza mwaka 1965, ikiwa sehemu ya mradi ambao nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliusaidia Tanganyika iliyokuwa imetoka kupata uhuru. Palikuwa na shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, vyote mahali pamoja. Mwaka 1970 mradi wote ulikabidhiwa kwa serikali, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma hapo kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, kabla ya kwenda Tanga kwa kidato cha tano na cha sita. Mzee wetu alisema kwamba kilichomshangaza alipofika si walimu wa Kizungu, bali kukuta watoto wa Kisukuma, wa Kichaga na wa Kizaramo wakilala chumba kimoja, wakigombana juu ya shuka kama ndugu wa tumbo moja.

Upande wa Kisarawe historia ni ya namna nyingine. Minaki ilikuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa Kianglikana, kilichohamishiwa hapo mwaka 1925 kutoka Kiungani, Unguja. Kwa miongo mingi wazee wa Kizaramo waliokuwa wakiishi karibu na chuo hicho walisita kuwapeleka watoto wao wakihofia dini yao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozitia shule za namna hiyo mikononi mwa serikali, na mlango ukafunguka kwa watoto wa dini zote. Rai yetu ni kwamba hofu ya wazee wale haikuwa ya bure, lakini waliolipa gharama yake ni watoto, na wajukuu wao bado wanalipa. Kijana wa leo anayelalamikia ugali wa shule akumbuke kwamba babu yake aliuona moshi wa jiko lile kwa mbali tu.

Palizuka pia swali la mikopo ya elimu ya juu, kama linavyozuka kila mwaka: je, ndani yake kuna riba? Sheikh wetu aliwajibu kwa ufupi kwamba lile tozo la asilimia 6 la kulinda thamani ya fedha, lililowatia wengi mashaka, liliondolewa mwaka 2021. Aliwakumbusha kwamba deni ni deni, na anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize. Hapo hatukukaa sana.

Tukafika mahali ambapo ratiba iliandika "kusameheana". Kwa kawaida sehemu hii huchukua dakika kumi. Vijana hugeukiana, hushikana mikono, anayedaiwa daftari hukumbushwa daftari, na watu hucheka. Safari hii kijana mmoja alisimama, akaomba kipaza sauti, akasema kwamba yeye hawezi kusameheana na waliopo, kwa sababu aliyemkosea hayupo.

Alichosimulia tunakiandika kwa idhini yake, bila jina lake. Shule hatutaitaja, na msomaji asiitafute miongoni mwa zilizotajwa humu, kwani si mojawapo.

Wakiwa kidato cha tano, usiku mmoja wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Sahani ziligongwa, vioo vya bwalo vikavunjwa. Asubuhi yake uongozi ulitaka majina. Kulikuwa na mwanafunzi mwenzao, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka kijiji kimoja upande wa Maneromango, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa Kiislamu. Wiki mbili kabla ya hapo alikwenda ofisini kwa adabu kuomba chakula cha daku kipikwe mapema. Basi jina lake likawa karibu kuliko majina mengine yote. Ilisemwa kwamba ndiye aliyechochea. Baba yake aliitwa, akatia saini karatasi, na mtoto akaondoka na sanduku lake siku hiyohiyo.

"Usiku ule wa mgomo alikuwa chumba cha swala," alisema kijana yule. "Alikuwa na mimi na mwenzangu mmoja. Tulikuwa tunarudia juzuu ya Amma. Tuliposikia kelele yeye ndiye aliyetuambia tusitoke. Siku ya pili tuliitwa mstarini, tukaulizwa nani anajua lolote. Tukanyamaza."

Mwenzake yule wa pili alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakusimama. Alijiinamia tu, akashika kofia yake.

Ukumbi ulinyamaza. Sisi nasi tuliacha kuandika, na hapa hatuna budi kueleza sababu, kwani kumficha mtu kosa lake na kujificha mwenyewe ni mambo mawili mbalimbali. Mtoto yule tulikuwa tukimjua. Mfuko wa msikiti wetu ulikuwa ukimsaidia nauli ya kwenda na kurudi shule tangu alipochaguliwa kidato cha tano, kwa kuwa baba yake hakuwa na uwezo. Habari za kufukuzwa kwake zilipotufikia, tulikaa kikao cha dakika chache, tukasikitika kwamba kijana wa dini amefanya fujo, tukalifuta jina lake katika orodha na kumpa nafasi mwingine. Mstari ule wa wino mwekundu upo, na umeandikwa kwa mkono wetu. Hakuna aliyepanda gari kwenda kumwuliza. Sisi tuliohitimu chuo cha dini, tuliosomesha darasa zima juu ya aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat inayoamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, hatukuhakikisha.

Kikao cha kamati kilifanyika usiku uleule, na hakikuwa chepesi. Kijana alikuwa tayari kuandika ushahidi na kuutia saini. Mwenzake, baada ya swala ya isha, alikuja akasema naye atatia saini. Suala lilikuwa lini karatasi hiyo ipelekwe shuleni. Zilibaki wiki tatu kufika mtihani. Baadhi ya wazee walisema tungoje, kwani tukienda sasa huenda watoto hawa wawili nao wakaingia matatani, na tutakuwa tumepoteza watatu badala ya mmoja. Wengine, nasi tukiwa miongoni mwao, tulisema kwamba woga huohuo ndio uliomfukuzisha yule wa kwanza, na sasa tunauvika kilemba na kuuita busara. Tulibishana hadi saa sita. Mwishowe iliamuliwa ushahidi uandikwe na kutiwa saini usiku huo, ukae kabatini, upelekwe siku ya pili baada ya mtihani wa mwisho. Tulikubali kwa shingo upande. Hadi leo kamati haijaafikiana kama ule ulikuwa uamuzi wa haki, na mtu akituuliza hatuna jibu moja la kumpa.

Mtihani ulimalizika mwezi wa Mei. Tulikwenda shuleni watu wanne: mwenyekiti, sisi, na vijana wawili wakiwa wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Mkuu wa shule alikuwa mgeni, aliyehamia baada ya tukio lile. Aliisoma barua mara mbili. Hakukasirika, wala hakutuahidi kitu. Alisema kwamba uamuzi ulikuwa wa bodi ya shule, naye hawezi kuutengua peke yake, na hata ukitenguliwa darasa la kijana yule limekwisha kuondoka. Aliwauliza vijana, "Kwa nini sasa?" Yule wa kwanza akajibu, "Mwalimu, tuliogopa." Baada ya wiki tatu tulipokea barua yenye muhuri isemayo kwamba bodi imepitia ushahidi mpya na kwamba tuhuma ya uchochezi dhidi ya mwanafunzi huyo imefutwa katika kumbukumbu za shule. Ni barua ya aya mbili. Tumeiweka ndani ya bahasha ya nailoni.

Kumpata mwenyewe haikuwa kazi. Kisarawe mjini kila dereva wa bodaboda anamjua mwenzake. Tulimkuta kituoni, juu ya pikipiki ya mjomba wake, amekuwa mrefu kuliko tulivyomkumbuka. Alitusalimia, "Shikamooni," kwa heshima ileile, kisha akawaona vijana wawili nyuma yetu, akanyamaza.

Tulikaa chini ya mwembe. Yule wa kwanza alisema yote aliyoyasema msikitini, bila kupunguza. Yule wa pili alilia. Mwenyewe alisikiliza akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. Walipomaliza, aliwaambia neno moja tu lililohusu shule:

"Kila nikimpakia abiria mwenye sare, nilikuwa nageuza kioo cha pembeni, asinione uso."

Kuhusu msamaha, alisema atafikiri. Mwenyekiti wetu alitaka kumsihi, lakini alitazama uso wa kijana, akaacha. Mtu hasihiwi kusamehe mbele ya hadhara. Kisha kijana akatugeukia sisi wa kamati, akauliza kama ni kweli tulimfuta. Tukasema ni kweli, na tukamwomba radhi. Alisema, "Nauli si kitu, ustadhi. Nilidhani mtakuja kuniuliza."

Kitu alichokitaka hakikuwa kurudi darasani. Alitaka barua ile isomwe kijijini kwao. Kwani habari ya kufukuzwa ilitangulia kufika kabla yake, na baba yake, ambaye ni mnadi swala wa msikiti wa kijiji, aliacha kumtuma hata kumletea maji ya udhu. Ndiyo maana mjomba mtu alimchukua mjini. Ada ya Wazaramo tunaijua. Mjomba hamwachi mtoto wa dada yake.

Tulikwenda Ijumaa iliyofuata. Barabara ya huko ni ya mchanga mwekundu, na mikorosho imeshonana pande zote mbili. Baada ya swala, imamu alitoa ruhusa, na yule kijana shahidi akasimama mbele ya maamuma akasoma barua ya bodi, kisha akasoma ushahidi wake mwenyewe, pamoja na ile sentensi inayosema "nilijua ukweli nikanyamaza". Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ikatulia baadaye. Tulikuwa tukimtazama baba. Hakugeuza kichwa.

Nje alituambia kwamba macho yake hayasomi hizi herufi za shule. Yeye husoma za Kiarabu. Akamwomba kijana afuatane naye nyumbani, akamsomee mama mtu polepole. Tukakaa barazani, tukaletewa madafu na mihogo ya kuchemsha. Kijana akasoma tena, na kila alipofika mwisho wa aya mzee alimwambia, "Rudia hapo." Mama alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kanga kichwani. Ilipokwisha alisema, "Mwenyezi Mungu alikuwa anajua. Nyinyi ndio mlikuwa hamjui." Akaingia ndani. Kutoka huko tukamsikia akimwita mwanawe aende akale, naye akaenda, na baba akanyanyuka akamfuata.

Tunawaeleza wazazi wanaosoma ukurasa huu jambo moja la manufaa. Mtoto aliyekatizwa kidato cha tano hajafungiwa njia. Anaweza kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, iwapo matokeo yake ya kidato cha nne yana angalau masomo matatu ya kiwango cha krediti. Kijana wetu anayo matano. Mchango uliopitishwa siku ya mahafali, pamoja na fedha walizotuma wanafunzi wenzake waliokuwa darasani humo, Waislamu kwa Wakristo, ulitosha ada ya usajili na kubakisha nauli. Wenzake wale wawili wamekwenda Ruvu kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mmoja akiwa na upara mpya anaoulalamikia. Kabla ya kuondoka waliacha katika ofisi ya msikiti daftari zao zote za Historia, Jiografia na Kiswahili, zimefungwa kwa kamba ya katani, ili mwenzao azichukue atakapopenda, bila kulazimika kukutana nao.

Fomu ya usajili ameijaza mwenyewe. Pikipiki bado anaiendesha, kwani mjomba anataka hesabu yake ya siku. Ametuomba jina lake lisirudishwe katika orodha ya nauli mpaka atakapoona mwenyewe kwamba anaihitaji, nasi tumeandika hivyo katika daftari, kwa wino wa buluu. Juzi Jumapili alipita akiwa na abiria, akasimama dakika tano, akachukua daftari za Historia. Za Jiografia na Kiswahili bado zipo kabatini.